Nilivyomenya Picha ya Mtu

Wapendwa, mchungaji wenu huyu, mwenye tumbo la heshima na pasi iliyojaa mihuri, aliwahi kumenya picha ya mtu.

Ilikuwa Marekani. Nilifikia kwa mchoraji mmoja mzee. Ujanani alichora milima na miji mizima. Uzeeni akabaki na vitu vya mezani tu: birika, limau, bakuli. Daktari alishamwambia macho yake hayafiki Krismasi, naye alitaka amalize picha moja ya mwisho. Picha yenyewe aliifunika kwa kitambaa.

Asubuhi moja, yeye yuko bafuni, nikaona machungwa matatu mezani. Nikajisemea, mzee wa watu, mikono inatetemeka, nani atammenyea? Nikashika kisu. Nilimenya kama wale wauzaji wa stendi, ganda moja refu bila kukatika! Nikapanga vipande kwenye sahani, nikampokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Karibu matunda, mzee wangu."

Akaitazama sahani. Akafunua picha.

"Hayo nimeyachora siku kumi na mbili."

"Basi leo uyale, mzee!"

"Sijayamaliza."

Ndugu zangu, mmewahi kutamani sakafu ipasuke? Nikasema nakimbilia sokoni nikalete mengine.

"Mengine siyajui," akasema.

Akaisogelea meza. Mwisho akaokota ganda moja, akalining'iniza ukingoni mwa meza, mwanga wa dirisha ukalipiga. Akaliangalia. "Hili sikuwa nalo," akasema, akachovya brashi.

Nani humu hajammenyea mwenzake machungwa bila kumuuliza? Wewe baba uliyemsukuma mwanao kwenye udaktari, na roho ya kijana iko kwenye useremala? Wewe mama uliyempangia binti mchumba? Sisi tunaharibu kwa upendo, tena kwa mikono miwili! Na Mungu wetu haitupi picha. Anaokota maganda yetu, anaendelea kuchora.

Naona mnataka kusema amina. Ngojeni. Mimi nilifurahi mno, nikaona pale mezani limebaki limau, mkono wenyewe ukashika kisu, ukaanza kulifuata. Ndivyo tulivyo: tunaomba msamaha na kisu tumekishika.

"Mzee," nikamuuliza, "kweli umenisamehe?"

"Nimekusamehe," akasema, macho yakiwa kwenye ganda. "Lete kisu."