Kigoda cha Bi Tabita

Wewe unayenisikiliza, unyayo wako uliuangalia lini mara ya mwisho? Umeona! Hukumbuki. Basi asubuhi shangazi yenu alipomwambia mumewe, "Unyayo wako, jicho la mwenzio," mkacheka, mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametokana na mambo ya humu humu nyumbani. Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa na miaka miwili tangu niolewe na babu yenu Stefano. Baba yake, Mzee Mhina, alikuwa amekata mkonge miaka thelathini na mmoja, na sasa alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alijitunza, siwezi kumsingizia. Chai alikunywa bila sukari, dawa alimeza kwa saa yake, na kila asubuhi alitembea hadi mwisho wa shamba na kurudi.

Nyayo zake ndizo zilikuwa kazi ya mkewe, Bi Tabita. Kila jioni aliketi kwenye kigoda chake mlangoni, akapima joto la maji kwa kiwiko, akamwosha mzee miguu, akaikausha hadi katikati ya vidole. Kisha aliinua unyayo mmoja mmoja kwenye mwanga, maana ile miguu ilikuwa imekufa ganzi, ikichomwa haisemi.

Bi Tabita akafariki. Mzee akaendelea kutoa beseni kila jioni, akakiweka kile kigoda mbele yake kitupu, akajiosha mwenyewe. Kuinama vizuri hakuweza, na macho yalikuwa na ukungu. Mgeni akitaka kuketi pale aliambiwa, "Hapo pana mtu."

Mimi je? Kwetu mkwe hamgusi baba mkwe. Nilimtengea maji, nikapiga goti, nikaondoka.

Kila mwezi nilimsindikiza kliniki. Muuguzi alimwuliza, "Nani anakuangalia nyayo, mzee?"

"Ninaye," akajibu.

Nilikuwa mlangoni, nikasikia. Nikatazama chini.

Siku moja nilikuwa nimetoka kupiga deki. Nikaona doa la kahawia, hatua moja mbele doa jingine, yote ya mguu wa kulia. Nikayafuata hadi kwa mzee, ametulia anachonga mpini wa jembe.

"Baba, mguu wako unatoa damu."

"Damu gani, mke wa Stefano? Siumwi. Ni rangi ya viatu hiyo."

"Umevaa kandambili za bluu, baba."

Akazitazama. "Kumbe wewe una macho makali hivyo!" akasema, lakini mpini ulikuwa umemtoka mkononi. Mzee Kibwana, mwenzake wa mkonge, alikuwa amekatwa mguu mwaka ule kwa kidonda kilichochelewa kuonekana.

Tulimpeleka kliniki saa ile ile. Ncha ya jani la mkonge, urefu wa ukucha, ilikuwa imezama kisiginoni, na nyama imeanza kuoza pembeni. Muuguzi alisafisha kidonda muda mrefu.

"Ungechelewa wiki moja, tungezungumza mengine," akasema. "Mzee, si uliniambia unaye wa kukuangalia?"

Mzee Mhina akautazama mguu wake. Akasema polepole, "Nilikuwa naye."

Muuguzi akaacha ukali. "Pole, mzee wangu. Lakini unyayo wako, jicho la mwenzio. Hata mimi wa kwangu siuoni vizuri."

Kidonda kilichukua miezi miwili kupona, kikifungwa na kufunguliwa kliniki. Mguu ukabaki. Siku ya mwisho, kitambaa kimeondolewa, tulirudi nyumbani jua likiwa bado lipo. Nikatenga maji, nikayapima kwa kiwiko kama nilivyomwona mama mkwe akifanya. Nikapiga goti, nikainuka niondoke.

Mzee alikuwa anakitazama kile kigoda. Alikipangusa vumbi kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefuta uso wa mtoto.

"Unyayo wako, jicho la mwenzio," akasema. "Miaka yote ile nilidhani Tabita ananiosha miguu tu."

Nikasimama, sijui niende au nibaki.

Akakisukuma kigoda kuja upande wangu.

"Keti hapo, mwanangu," akasema. "Niangalie nyayo."