Moto wa Kwanza wa Kemilembe

Hapo zamani, si zamani sana maana saruji ilikwisha kuwapo, aliishi mjane aitwaye Kemilembe, aliyechoka kuhamahama vyumba vya kupanga. Akasema, "Mkandarasi simuwezi. Nitakuwa mkandarasi mwenyewe."

Halmashauri wakampa kibali chenye jina lake, kwa sharti: zege la msingi lisimwagwe kabla mkaguzi hajaziona nondo. Likimwagwa, nyumba itapigwa X nyekundu na kubomolewa.

Siku ya msingi mawingu yakatanda. Fundi Ngaiza akakoroga zege bila kuuliza mtu.

"Fundi, tumngoje mkaguzi!" akasema Kemilembe.

"Mama, mvua haina kibali," akajibu, akainua ndoo.

Ndipo Koku, dada wa marehemu mumewe, mwanamke wa mwili wake, aliposhuka kwenye mtaro wa msingi na mwavuli, akaketi juu ya nondo. "Haya, nimwagie mimi, wifi yake mtu!" Nani angethubutu?

Kyaruzi, mdogo wake Kemilembe, akapanda baiskeli mpaka msibani alikokuwa mkaguzi. Akampakia na suti yake ya msiba, akamfikisha ametapakaa matope.

Mkaguzi akachungulia. "Nondo zimelala kwenye udongo. Zisipoinuliwa kabla sijaondoka, nafuta kibali."

Ngaiza akaona aibu. Akaliacha zege lake ligande, akapiga magoti kwenye tope, akainua nondo moja moja na kuzitegemeza kwa vijiwe, mvua ikimpiga mgongoni, hadi mkaguzi akatia saini.

Nyumba ikasimama. Na kwao, moto wa kwanza jikoni huwashwa na mtu mmoja tu: yule ambaye bila yeye nyumba isingekuwapo.

"Ni mimi," akasema Koku. "Nisingekaa, leo mngetazama kifusi."

"Ungekaa mpaka uote mizizi, dada," akasema Kyaruzi, "kama nisingemleta mkaguzi."

"Naye angefuta kibali," akasema Ngaiza, "kama nisingeinua nondo."

"Wewe! Si ndiwe uliyetaka kutuponza?" akamaka Koku.

"Ndimi. Na ndimi niliyewaponya."

Kemilembe alisimama na kiberiti mkononi, machozi yakimlenga kwa jinsi alivyowapenda wote watatu. Maharage yalikuwa sufuriani, mafiga yamepoa. Na jina kwenye kibali lilikuwa lake, aliyethubutu kabla yao wote.

Haya, nyie mnaonisikiliza na njaa zenu: kiberiti kile, nani alistahili kukiwasha?