Gazeti Lililofungiwa Vikombe

Wewe ambaye bado una mzazi wa kumpigia simu, isome hii polepole, ndipo umtumie mwenzako.

Elisaria, mtoto wa Usangi huko Upareni, alikwenda Japani kufanya kazi katika kiwanda cha samaki. Upweke ulipomzidi, akajiunga na darasa la Mwalimu Hatsue, bibi wa miaka themanini aliyefundisha kuandika kwa brashi na wino mweusi.

Sheria ya kazi ile ni moja: ukishainua brashi, usirudi juu ya mstari kuutengeneza. Ukikosea umekosea, chukua karatasi nyingine. Wanaoanza hujifunzia kwenye magazeti ya zamani, na mwalimu huwasahihisha kwa wino mwekundu.

Elisaria alichagua herufi moja tu, ile yenye maana ya "mama". Ina nukta mbili katikati, na wenyeji husema ni matiti ya mama anyonyeshaye. Nukta hizo zilimtoa jasho. Moja ilinenepa, nyingine ilikimbilia pembeni.

Mama yake alipoambiwa kwamba mwanawe anajifunza kuandika neno "mama" kwa Kijapani, kila simu ikawa na ombi lilelile.

"Mwanangu, nitumie na mimi hata moja."

"Bado, mama. Hazijakaa sawa. Sitaki uone kitu kibaya."

"Haya baba, nangoja."

Hata mwalimu, alipokwisha kusahihisha moja, alimwambia, "Mpelekee mama yako hii."

"Ina wekundu, mwalimu. Nitampelekea iliyo safi."

"Mimi naandika mwaka wa sitini huu," bibi akajibu, "na iliyo safi sijaiona."

Elisaria alicheka, akachukua gazeti jingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini kijana humwambii akasikia.

Mwaka wake wa tatu huko Japani, asubuhi moja, dada yake Nakijwa akapiga simu. Mama alilala na hakuamka.

Safari ni ndefu. Elisaria alifika Usangi siku moja baada ya mazishi. Akaingia chumbani kwa mama yake. Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, kulikuwa na gazeti la Kijapani lenye herufi yake. Ilikuwa mbaya kuliko zote alizowahi kuandika, na wino mwekundu wa mwalimu umeizunguka kila upande.

"Hii mmeipata wapi?"

"Si ulituma vikombe vya chai?" Nakijwa alisema. "Ulivifungia humo. Mama alilikunjua, akalipiga pasi, akashuka nalo mpaka mjini Same kutafuta fremu. Hakuna mgeni ambaye hakuonyeshwa."

"Mbona hakuniambia?"

"Ulisema hutaki aone mbaya. Aliogopa utaona aibu."

Elisaria akashusha pumzi kidogo. Angalau aliipata.

"Sasa kama alikuwa nayo, mbona aliendelea kuniomba?"

Nakijwa akaigeukia fremu.

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akaniambia, 'Hii nimeiokota, mwanangu. Nangoja ile atakayonipa mwenyewe.'"

Ndipo Elisaria alipoona kwamba kando ya fremu ile kulikuwa na msumari mwingine, umeshapigiliwa, hauna kitu. Alikaa kwenye kitanda cha mama yake, akalia mpaka majirani wakaja.

Funzo: Anayekupenda haombi kitu kisicho na dosari, anaomba kitoke mkononi mwako. Mpe leo hicho hicho ulicho nacho, maana kizuri cha kesho huenda kisimkute.