Kondoo Aliyekoroma

Kondoo dume wa Bwana Shekalaghe alipotea. Bwana akawakusanya majirani, wakaenda hadi mlangoni kwa Kibibi.

"Kondoo wangu yumo chumbani mwako. Mtoe, na mbuzi wako namchukua awe faini."

Kibibi alikuwa na mbuzi huyo mmoja tu, wa maziwa ya mtoto. "Umemwona kondoo, bwana mkubwa?"

"Sina haja ya kuona. Namsikia anavyokoroma!"

Kweli, chumbani kitu kilikoroma mpaka bati likatikisika.

"Chungulia kwanza. Mlango huu hapa."

"Anayechungulia ana shaka. Mimi najua!"

Jirani mmoja akamgusa bega. "Lakini bwana, mbona nyuma yako..."

"Kimya! Nimeshasema najua."

Kibibi akainamisha kichwa. "Basi niachie mbuzi, nami nakupa kilichomo sasa hivi. Ila uape mbele ya majirani kwamba ni chako na hutakirudisha, maana kinakula sana."

"Nirudishe mali yangu? Naapa! Ni changu, nitakilisha mpaka kife."

Kibibi akasukuma mlango. Akatoka Mzee Semboja, mjomba wa mumewe, akifikicha macho. Alikuja kutembea kwa siku mbili wakati wa mavuno ya mwaka jana na hakuondoka tena, na kila alipoonyeshwa jembe alilala.

Bwana Shekalaghe akageuka akimbie, akajikwaa kwa kondoo wake aliyekuwa akitafuna majani nyuma yake.

Mzee Semboja akamkabidhi mkeka ambebee. "Mwanangu," akauliza, "kwako wanapakua saa ngapi?"