Mng'ongo wa Mama Yake Nyanzala

Ukiukata mti usiozaa, unaozaa hunyamaza. Mmeisikia leo hapa matangani, mkauliza ilikotoka. Methali hii ilianza kwa ndugu wawili na ming'ongo miwili.

Mama yake Nyanzala alipofariki aliiacha miti hiyo nyuma ya nyumba. Mmoja ulizaa sana. Enzi za uhai wake mama aliyapikia pombe matunda yake, kokwa akazikamua mafuta, magome akawachemshia watoto wenye kuharisha. Wa pili, mrefu kuliko huo, ulitoa maua tu. Matanga yalipokwisha, Lushinge, kaka yake Nyanzala, aliuangusha huo mrefu, akachonga mizinga ya nyuki.

"Tasa harithiwi," alisema, na watu wakacheka.

Kiangazi kilichofuata ule uliokuwa ukizaa, mng'ongo wa mama, ulichanua, maua yakapukutika, basi. Mwaka wa pili vilevile. Nyanzala hakuelewa. Alichimbua shina akitafuta mchwa, hakuona hata mmoja. Alimwaga pombe kaburini, akauliza kama wamekosea neno. Majirani walisema mti unamlilia mwenyewe, naye akakaribia kuamini, kwani hata yeye alikuwa bado anamlilia. Akakata matawi yake, akayapanda kuzunguka ua ili mama asipotee kabisa. Yalishika, na miaka ilipopita yakachanua. Hayakuzaa hata tunda.

"Umepanda msitu wa kilio," Lushinge alimwambia. "Mvua zikianza nakata wote."

"Kaka, ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

Nyanzala alifunga safari.

Akaenda ng'ambo ya mbuga kwa mama yake mdogo, Kalekwa, kumwambia kwamba mti wa marehemu dada yake utakatwa. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ule mrefu uko wapi?"

"Kaka aliukata. Ulikuwa hauzai."

Kalekwa akapiga makofi. "Yaani mmemuua mume, mnangoja mtoto? Ming'ongo haifanani, mwanangu, ingawa jina ni moja. Mmoja hutoa unga wa maua, mwingine hubeba mimba. Na hayo matawi yako ni mti uleule, umejirudia. Hata ungepanda mia!"

Nyanzala alirudi na mzigo wa matawi yenye maua kutoka kwa mng'ongo dume wa Kalekwa. Akayatia katika mtungi wa maji, akauning'iniza juu ya mti wa mama, uliokuwa umechanua.

"Umetoka kote huko kubeba tasa?" Lushinge alimcheka.

"Nimebeba."

Nyuki walizunguka hapo siku kadhaa. Mvua ya kwanza iliponyesha, Lushinge alikuja na shoka. Akasimama. Upande wa mtungi, chini ya majani, vitunda vya kijani vilikuwa vimeshikana.

"Upande huu tu?"

"Huu tu."

Nyanzala alikuwa analia, asijue analia kwa lipi. Lushinge aliutazama mti, akamtazama dada yake, akaweka shoka begani.

"Nakwenda kwa mama mdogo," alisema. "Nikamwombe tawi la kupanda."

Tangu hapo watu wa kijiji kile husema: ukiukata mti usiozaa, unaozaa hunyamaza.