Pembe Ukutani kwa Diwani

Diwani ni mfereji, si chemchemi. Mmeisikia leo mkutanoni, mkacheka kwa sababu wakubwa wamecheka, sasa mmekuja kuniuliza ilitoka wapi. Kaeni basi. Methali haioti yenyewe kama uyoga. Hii ilitoka ukutani kwa Eliakimu Mgonja, aliyekuwa diwani wa Ivuga, huko milimani Upare.

Tangu enzi za mababu, watu wa Ivuga walinywesha mashamba yao kwa ndiva, yaani bwawa la udongo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, maji yakashuka kwa mfereji. Udongo hauna shukrani. Kila mwaka tope hujaa na ukingo huvuja. Hapo pembe ya tandala ilipulizwa, na kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Kazi hiyo ya pamoja iliitwa msaragambo, na hakuna aliyeipenda.

Eliakimu alilijua hilo. Alipoomba kura aliwaambia, "Nichagueni, na pembe hii haitalia tena. Halmashauri itatujengea ndiva ya saruji."

Wakampa kura, na siku ya sherehe wakampa na pembe yenyewe aitunze. Akaitundika sebuleni, juu ya redio. Mwaka wa kwanza aliitazama kwa fahari. Kufikia mwaka wa nne alikuwa amehamisha kiti chake ili aipe mgongo.

Alishuka wilayani, akaambiwa asubiri bajeti ijayo. Akapanda mlima akarudi. Akashuka tena, akaambiwa vilevile. Nyumbani, kabla hajanawa uso, benchi lilikuwa limeshajaa watu: huyu mbuzi wake amekamatwa shambani kwa jirani, huyu mumewe hatoi matumizi, yule anauliza paa la zahanati. Aliwasikiliza wote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule usiotibiwa na usingizi.

Kisha ukingo wa ndiva, usioguswa na jembe tangu pembe itundikwe, ukaanza kuvuja vibaya. Maharage yalikuwa ndiyo kwanza yametoa maua. Yangekosa maji wakati ule, Ivuga isingevuna kitu. Watu walikwenda kuutazama ukingo, wakatikisa vichwa, wakaenda kumwambia diwani. Jembe hakuna aliyeshika. Washike la nini, na diwani wanaye?

Asubuhi moja Bibi Nakijwa, mjane mwenye ulimi wa upupu, alimkuta Eliakimu sebuleni anafunga kamba za viatu.

"Mheshimiwa, safari ya wapi?"

"Wilayani, Bibi. Kuwakumbusha."

"Kuwakumbusha! Kwani wamekusahau, au wamekukinai?"

Eliakimu akaziachia kamba. "Mnataka nifanye nini? Maji mimi, paa mimi, hata ndoa zenu mimi! Mimi ni mfereji tu, Bibi. Wakifungulia huko juu, nawaletea. Wasipofungulia, nitatoa wapi? Mimi si chemchemi."

Bibi akaangua kicheko. "Leo ndiyo umesema kweli. Ungeyasema hayo siku za kura!"

"Ningesema, mngenichagua?"

"Thubutu!" Akauelekeza mkongojo wake ukutani. "Lakini nijibu, mwanangu. Mfereji ukijaa tope, hujizibua wenyewe?"

"Huzibuliwa na watu."

"Na watu huitwa kwa kitu gani?"

Eliakimu akageuka, akaitazama pembe. Alijua kwamba kuipuliza ni kuimeza ahadi yake mbele ya Ivuga nzima, na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Kisha akayakumbuka yale maua ya maharage. Akaitungua pembe, akaifuta utando wa buibui, akachukua jembe, akapanda hadi ukingoni.

Pembe ikatoa sauti ya ndama mwenye mafua.

"Diwani anakula ahadi yake!" mtu akapiga kelele kutoka shambani. "Ina chumvi, mheshimiwa?"

"Haina!" Eliakimu akajibu. Akapuliza tena. Watu walipoanza kusogea, aliwaambia, "Niliwaahidi nisichokuwa nacho. Saruji nitaendelea kuiomba, ndiyo kazi mliyonipa. Lakini ukingo hautaingoja saruji."

Akainama, akaanza kulima tope. Yule aliyemdhihaki alipanda ili acheke kwa karibu, ila alipanda na jembe. Wengine wakamfuata. Wako ambao hawakutokea kabisa. Jioni ukingo ulikuwa umezibwa, na maharage yakapona, ingawa si yote.

Uchaguzi ulipofika, Eliakimu alishindwa. Watu hawamsamehe upesi mtu aliyewarudisha kwenye jembe. Aliyemshinda alikuja na suti yake kuagana naye, na Eliakimu akamkabidhi pembe.

"Hii ya nini, mzee wangu?" akauliza diwani mpya. "Mimi nimewaahidi mabomba."

Eliakimu akaketi taratibu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Itundike mahali utakapoiona," akasema. "Diwani ni mfereji, si chemchemi."