Mlinzi Aliyeshika Jezi

Wapendwa, mfano wangu wa leo unatoka mbali, Marekani, katika mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye televisheni tukabadilisha chaneli. Wenyewe wanauita mpira wa miguu, ingawa muda mwingi mpira unabebwa mikononi, na una umbo la papai dogo. Msihofu, sitawafundisha sheria zote. Mimi mwenyewe sizijui. Zinatosha mbili tatu.

Katika timu yupo mrushaji. Huyu hupokea mpira, akamtafuta mwenzake aliye mbele na kumrushia. Watoto huvaa jezi zenye jina lake. Mbele yake husimama watu watano wakubwa, kilo mia na arobaini kila mmoja, ambao kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie. Mpira hawaushiki. Mmoja wao hukaa upande wa kushoto, na huo ndio upande mgumu, kwa sababu mrushaji anayetumia mkono wa kulia huupa mgongo upande huo anapojiandaa kurusha. Anayemjia kutoka kushoto hamwoni.

Huyo mlinzi anaruhusiwa kumsukuma mpinzani kwa viganja. Kumshika jezi ni kosa. Akishika, mwamuzi hutupa kitambaa cha njano, kilichopatikana kinafutwa, na namba ya mkosaji inatangazwa kwenye kipaza sauti uwanja mzima usikie. Hebu fikirini. Akifanya kazi yake vizuri mara sitini, hakuna anayemtaja. Akikosea mara moja, watu elfu sabini wanaijua namba yake.

Basi, alikuwepo mlinzi mmoja wa kushoto aliyeifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili. Magoti yalikuwa yameanza kukataa. Asubuhi alishuka ngazi za nyumbani kwake kinyumenyume, ameshika ukuta. Msimu huo alikuwa ameshashika jezi mara kadhaa, na kila mara timu iliumia. Kocha akamwita.

"Mzee, nakuheshimu. Lakini nikisikia namba yako kwenye kile kipaza sauti Jumapili hii, Jumatatu hutakuwa nasi."

"Nimekuelewa, kocha."

"Umenielewa kweli?"

"Magoti ndiyo hayasikii, kocha. Masikio ni mazima."

Jumapili ikafika. Dakika ya mwisho, timu iko nyuma kwa pointi nne. Mrushaji anapokea mpira, anarudi hatua chache, anageuka kulia. Mpinzani mmoja, mwepesi, anampita mlinzi kama mtu anayepita mlango ulioachwa wazi. Kati yake na mgongo wa mrushaji hakuna mtu. Ameinamisha kichwa, anakuja.

Wewe ungefanya nini? Una sekunde moja, si zaidi. Ukimwacha apite, umezidiwa kihalali, na hakuna atakayetangaza namba yako. Ukinyoosha mkono, kazi ya miaka kumi na miwili imekwisha.

Alinyoosha mkono. Akaikamata jezi kwa nyuma, akavuta, wakaanguka wote wawili.

Mrushaji hakuona lolote. Alirusha, mpira ukapaa, mwenzake akaudaka mwisho wa uwanja, na hizo ni pointi sita. Watu wakalipuka kwa shangwe. Kisha kile kitambaa cha njano. "Kosa la kushika. Namba sabini na sita." Pointi zikafutwa, wakashindwa.

Mrushaji akaja mbio, amevua kofia yake ngumu, uso umemwiva.

"Wewe! Sekunde nne tu! Umeshindwa kutulia sekunde nne?"

Mlinzi alikuwa bado amekaa chini. Akamtazama.

"Nakuuliza, kaka! Ulikuwa unashika nini?"

"Jezi," akasema mlinzi.

Mmoja wa wenzao alitaka kucheka, akageukia pembeni.

Kesho yake asubuhi kocha akamuuliza mrushaji maoni yake. Akajibu, "Amechoka. Mwache apumzike." Mimi simlaumu. Alisema alichokijua, na alichokijua kilikuwa kweli, maana yule mtu alikuwa amechoka. Saa tatu mlinzi akafunga virago vyake akaondoka.

Saa tano, kama ilivyo desturi ya timu zile kila Jumatatu, wachezaji wakakaa kutazama picha za mchezo zilizopigwa kutoka juu. Ndipo mrushaji akauona mgongo wake mwenyewe. Akaona kichwa cha mpinzani kimeuelekea uti wa mgongo, hatua mbili tu. Akaona mkono. Akaomba warudishe nyuma. Wakarudisha. Akaomba tena. Kisha akatoka nje, akapiga simu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi? Ulikuwa unafoka."

"Ungenikatiza, bwana. Ungenitukana hata."

"Nilikuwa nakusikiliza," akasema mlinzi. "Nikajisemea, mtu anayeweza kufoka hivi, tena kanijia mbio hivi, mgongo wake ni mzima. Nikaridhika."

Ndugu zangu, najua mnataka kusikia kwamba alirudishwa. Hakurudishwa. Nafasi yake ilijazwa kabla ya chakula cha mchana. Mrushaji aliomba radhi, ikapokelewa, na Jumapili iliyofuata kushoto kwake alisimama mtu mwingine.

Najua pia kwamba wengi wetu tumeshajichagulia nafasi katika mfano huu. Tumejiona sisi ndio mlinzi, tunaofanya kazi bila kutajwa. Huenda ni kweli. Lakini leo naomba tuhame. Sisi ndio mrushaji. Kila mmoja wetu ana mgongo, na hakuna hapa aliyewahi kuuona wake. Yupo mama aliyetuzuia kwa ukali tukaapa hatutamsamehe. Yupo mke aliyekataa kutia saini, tukamwita mkaidi mbele ya watu. Yupo mzee wa kanisa hili hili tuliyekubaliana aondoke, kikao cha dakika ishirini.

Siwaambii kwamba kila anayetuzuia anatulinda. Wapo wanaotuzuia kwa ubaya, na wapo wanaozuia kwa woga wao tu. Wala siwaambii kwamba kosa si kosa. Mwamuzi alikuwa sahihi. Nasema hivi: mrushaji aliuliza kwa hasira, akajibiwa neno moja, akaona linamtosha kuamua maisha ya mtu.

Wiki hii, mwenzetu akituharibia jambo, tumwambie akae. Tumuulize alikuwa anaona nini kule nyuma yetu. Kisha tunyamaze, sisi tunaopenda kusema, mpaka amalize.

Tusimame, tuombe.